Wastani wa mpigaji kriketi haugawanywi kwa zamu

Kwenye baraza za Mombasa zenye mashabiki wa kriketi, wengi hushikilia kwamba wastani wa mpigaji ni mikimbio yake yote (pointi alizopata) ukigawanya kwa zamu alizoingia kupiga. Si ajabu, wastani wa darasani ndivyo ulivyo.

Kriketi hugawanya kwa mara alizotolewa, yaani mara wapinzani walipoikatiza zamu yake. Zamu ikiisha naye bado yumo, mikimbio yake huhesabiwa, ila zamu ile haitumiki katika kugawanya.

Mchukue Don Bradman, yule Mwaustralia aliyechezea taifa lake toka 1928 hadi 1948, ambaye wazee wakianza kumsifu kahawa hupoa. Alipata mikimbio 6,996 katika zamu 80. Gawanya, utapata 87.45. Rekodi zinasema 99.94. Hakupendelewa: mara 10 hakutolewa, basi kigawanyo ni 70. Zamu yake ya mwisho alitolewa bila mkimbio hata mmoja, na mikimbio 4 tu ingemfikisha wastani wa 100 kamili. Sifuri ile, jamani, yaniuma hadi leo, na sikuwa hata nimezaliwa.

Kukagua si kazi. Kwenye kadi ya matokeo, nyota kando ya mikimbio huonyesha hakutolewa. Hesabu nyota, zitoe kwenye zamu, ndipo ugawanye.

Ila wapigaji wanaoingia mwisho huachwa uwanjani mara nyingi, na wastani wao waweza kupanda kwa mikimbio michache. Kwa hao, tazama pia jumla ya mikimbio na miaka waliyocheza.