Krismasi haiishi tarehe 25

Wengi tumekua tukiamini kwamba Krismasi ni siku moja: pilau ikiisha na wageni wakiondoka, sikukuu imepita. Ndiyo maana mtu akipita kwenye nyumba ya masista tarehe 30 Desemba na kuwakuta bado wanaimba Utukufu, wimbo wa sifa wa Misa, kwa furaha, hushangaa.

Kalenda ya Kanisa Katoliki inahesabu vingine. Kipindi cha Noeli huanza kwa masifu ya jioni ya tarehe 24 na kufika hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, mwezi Januari. Siku 8 za kwanza, yaani Oktava, ni kama siku moja ndefu; ndani yake wamo Stefano shahidi tarehe 26, Yohane mtume tarehe 27 na Watoto Mashahidi tarehe 28. Pango la Noeli, lenye sanamu za Mtoto Yesu na wazazi wake, nalo halivunjwi, maana Mamajusi wanangojewa siku ya Epifania, sikukuu ya Tokeo la Bwana.

Kwa jumuiya ya watawa watano au sita, nafasi hiyo ni zawadi kubwa kweli. Jumapili za Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli, zimepita kwa mavazi ya zambarau, bila Utukufu. Tarehe 25 yenyewe huyu yuko parokiani na kwaya, yule yuko zamu hospitalini. Wakiketi wote mezani tarehe 27, bila haraka, bado wako ndani ya Noeli ileile.