Stepla ya upepo kwa makochi ya nyumbani: yanayosemwa na yalivyo

Makochi mengi ya zamani ninayoletewa hapa Tabora yana fremu ya mninga, na mninga haubembelezwi. Mteja mmoja alileta kochi alilolivalisha mwenyewe kwa stepla mpya kabisa ya upepo, ile mashine ya kupigia pini kwa nguvu ya upepo wa kompresa. Nilipoligeuza, pini zilikuwa zimesimama nusu nje, nyingine zimejikunja kama miguu ya panzi. "Fundi, hii mashine haina nguvu," akasema. Mashine yake ilikuwa nzima.

"Pini ndefu ndiyo inayoshika." Hii ndiyo iliyomponza. Alichukua za milimita 16 kwa kuwa ndizo ndefu kuliko zote zinazoingia kwenye mashine ile. Pini za makochi ni waya mwembamba; mguu ukiwa mrefu na mbao ngumu, unajipinda kabla haujazama. Kitambaa kimoja juu ya mninga kinatosheka na milimita 6 hadi 8, au 10 pale pembeni kilipokunjwa mara mbili tatu. Za 13 na kuendelea ziachie mikanda inayobeba sponji, kwenye fremu ya mbao laini kama paini. Ukipiga ya 16 kwenye plaiwudi ya milimita 9 inatokea upande wa pili, na wa kwanza kujua ni anayekalia. Halafu kumbuka kitambaa hicho kitabadilishwa siku moja. Kung'oa pini ndefu kwenye mninga ni adhabu, nusu hukatikia ndani.

"Pini ni pini." Boksi moja limeandikwa 8010, jingine 1010J, ukifungua, zinafanana kama mapacha. Zote ni za milimita 10 kwenda chini, lakini mgongo, ile sehemu inayolala juu ya kitambaa, una upana wa milimita 12.8 kwa pini za boksi la kwanza na 11.2 kwa za pili. Tofauti hiyo ya milimita moja na nusu hivi inatosha kukwamisha kazi asubuhi nzima. (Mashine ikikwama, chomoa hosi ya upepo kwanza ndipo uifungue. Kidole hakina spea.) Kwa hiyo mimi hushauri uanze na pini: ulizia madukani ni aina ipi haikosekani hapa mjini, kisha ununue mashine inayoila. Mashine ya jamii ya 71, yenye pini nyembamba za mgongo wa milimita 9 hivi, ni tamu sana kwa kazi za nyumbani, lakini kama pini zake utaagiza Dar es Salaam kila zikiisha, itaishia kabatini.

"Ongeza upepo, zitazama." Mashine nyingi za makochi hutaka msukumo wa upepo wa baa 4 hadi 7, kipimo chake kimeandikwa kwenye mwili wake au kwenye karatasi yake. Anzia chini, jaribu kwenye kipande cha mbao ileile, panda kidogo kidogo mpaka mgongo wa pini ulale sawa juu ya kitambaa. Ukizidisha, mgongo unakata kitambaa kama wembe, na leksini ndiyo huchanika upesi.

Kompresa kubwa nayo si lazima. Kila pigo hula upepo kidogo, hivyo tangi la lita 24 linatosha nyumbani. Likiisha utasubiri lijae, basi. Ila mtu asikudanganye uunganishe mtungi wa oksijeni wa wachomeleaji. Oksijeni ikikutana na mafuta ndani ya mashine inaweza kulipuka, hapo sina utani. Tangi limwage maji ukimaliza kazi, na mdomo wa hosi uupe matone mawili ya oili ya mashine za upepo. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi.

Na kama una viti viwili tu vya mezani, usinunue chochote, mpelekee fundi.

Lile kochi tulilimaliza jioni ileile, kwa mashine yake ileile, pini za milimita 8. Kuzing'oa zile za 16 kulichukua muda mrefu kuliko kulivalisha.