Nati moja ya tairi haipo na gari "inatembea tu": dhana potofu na ukweli

Pita sehemu yoyote yenye gari nyingi zimepaki, angalia rimu za hizi gari zetu ndogo, si ajabu ukakuta moja ina stadi (ile bolti inayofungwa nati ya tairi) tupu, nati haipo, na mwenye gari ana amani kabisa kwa sababu kuna maneno aliambiwa na fundi au na jamaa yake akayaamini. Maneno yenyewe ndo haya, na mengi sio kweli.

"Ikikosekana moja hamna shida, waliweka za akiba." Hii ndo inaongoza. Jamani hakuna nati ya akiba pale. Watu wengi wanadhani rimu imening'inia kwenye zile stadi, kumbe sivyo, nati ikikazwa inaivuta stadi inarefuka kidogo mno kama springi, na huo mvuto ndo unaoibana rimu kwenye habu (kile kitako zinapotokea stadi), halafu msuguano wa rimu na habu ndo unabeba kila kitu, uzito, breki, kona, mashimo. Gari ya nati tano ukitoa moja mbano umepungua asilimia 20, gari ya nati nne kama Vitz au Probox umepungua asilimia 25, na mbaya zaidi umepungua upande mmoja. Pale penye pengo rimu inaanza kucheza, kidogo kiasi kwamba jicho halioni, na stadi za jirani zinapinda na kunyooka kila tairi ikizunguka. Sasa piga hesabu, tairi ya saizi ya 165/70R14 inazunguka kama mara 540 kwa kilomita moja, kwahiyo Dar mpaka Morogoro ambayo ni karibu kilomita 190 ni mizunguko laki moja na ushee, kwenda tu. Chuma kikipindwa hivyo kinachoka, kinapata ufa ambao huuoni, na siku kinakatika wala haukuwa umebeba mzigo wowote wa maana. Kwahiyo anayekwambia "mbona nimetembea hivi miezi sita", mwambie miezi hiyo ndo imeila hiyo stadi.

"Ikilegea nitasikia." Mara nyingine kweli unasikia, usukani unatetemeka, au kuna mlio wa ko-ko-ko ukiwa mwendo mdogo hasa unapokata kona, na ukiusikia paki hapo hapo, usiseme nitafika kwanza. Lakini usiitegemee hiyo. Tairi ya nyuma haikuambii mengi kupitia usukani, barabara ya vumbi inaficha mlio, na stadi mbili zikishakatika zilizobaki zinaweza kufuata ndani ya safari hiyo hiyo. Halafu tunajifikiria sisi tulio ndani ya gari tu. Tairi na rimu yake ni kilo kumi na kitu, ikichomoka inakimbia na mwendo ule ule uliokuwa nao, na huko pembeni kuna bodaboda, kuna wanafunzi, kuna mama anauza mahindi. Wao ndo wananiuma zaidi kwenye hili suala.

"Nati ni nati tu, weka yoyote." Hapana. Toyota nyingi ndogo zinatumia stadi nene milimita 12 zenye uzi wa 1.5 (yaani milimita 1.5 toka jino hadi jino), Nissan na Subaru nyingi ni milimita 12 lakini uzi wa 1.25. Kwa macho zinafanana. Ya Toyota ukiiweka kwenye stadi ya Subaru itaingia mizunguko miwili hivi kisha ikwame, fundi anailazimisha na mashine ya upepo, inakaa, wewe unaona imekaza kumbe meno yameliwa na imeshikilia kwa vipande. Kuna na makalio ya nati pia, yaani pale nati inapokalia rimu, ringi za chuma zinataka nati yenye koni, rimu nyingi za aloi zinazokuja na Toyota zinataka nati bapa yenye washa, na rimu za Honda zenyewe zinataka nati yenye kalio la mviringo kama mpira. Ukibadilisha ringi za chuma ukaweka za sport uliza na nati zake, usiondoke na zile zile.

"Kaza mpaka ukanyage spana ndo salama." Toyota nyingi ndogo zinataka 103 Nm tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Spana ya sentimita 30, hiyo ni nguvu ya kama kilo 35 ukisukuma kwa mkono. Mtu wa kilo 70 akisimama juu yake ni mara mbili ya inayotakiwa, akichomeka na bomba ndo basi tena, stadi inavutika mpaka hairudi na hapo ushaiua. Grisi kwenye uzi nayo usipake, inafanya nati iteleze na kukaza zaidi kwa nguvu ile ile. Kaza kwa kuruka, moja na inayotazamana nayo, na ufute kutu kwenye habu kwanza.

Sasa nati zimepotea njiani utafanyaje? Kama tairi moja imebaki bila nati kabisa, azima moja moja kwenye tairi tatu nyingine, tembea taratibu mpaka kwa fundi wa karibu, basi, sio ndo uende nayo Dodoma. Na asikuchomelee nati kwenye stadi, moto unaua ugumu wa kile chuma. Kubadilisha stadi ni kazi ndogo, anafungua disiki au drami ya breki, anagonga ya zamani itoke kwa nyuma, anaivuta mpya kwa nati. Ukishafungiwa tembea kilomita 50 mpaka 100 halafu urudie kukaza, hata kama fundi ni unayemwamini sana, maana rimu inakuwa imejikalisha vizuri na nati zinaweza kulegea kidogo.