Bakslashi ilivyoficha risiti za kahawa

Simu iliingia nikiwa stendi ya Moshi, nasubiri gari la Arusha. Alikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, huko juu mlimani. "Dada, mfumo unasema risiti hazipo. Za wiki hii zinafunguka, za msimu uliopita hakuna hata moja." Dirishani kwake kulikuwa na foleni ya wazee waliokuja kuhakiki kilo zao kabla ya malipo ya pili. Sikupanda gari. Nilitafuta kivuli, nikafungua laptopu.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimehamisha mfumo huo kutoka kompyuta ya ofisini, yenye Windows, kwenda kwenye seva inayotumia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. PDF zote nilizihamisha na kuzihesabu, zikatimia. Nilipoingia kwenye seva nilizikuta zimetulia mahali pake: folda 2023, ndani yake 08, ndani yake 0412.pdf. Kisha nikaangalia hifadhidata imeandika nini kuhusu risiti hiyohiyo:

2023\08\0412.pdf

Tatizo lilikuwa pale pale, kwenye zile alama mbili. Kwa Windows, bakslashi (\) hutenganisha folda na folda. Kwa Linux kitenganishi ni slashi (/) peke yake, na bakslashi ni herufi ya kawaida inayoweza kukaa ndani ya jina la faili kama zinavyokaa a na b. Kwa hiyo seva haikuwa inatafuta folda mbili na faili. Ilikuwa inatafuta faili moja yenye jina refu lenye bakslashi mbili ndani yake. Faili hiyo haikuwepo, na seva ilisema kweli.

Tofauti hii ina umri mkubwa. Unix, mfumo ambao Linux inaufuata, ilitumia slashi tangu mwanzo. MS-DOS ya kwanza, mfumo wa Microsoft uliotangulia Windows, ya 1981, haikuwa na folda kabisa, na slashi ilikwisha kutumika kwenye amri kuonyesha machaguo, kama unavyoandika dir /w hadi leo. Folda zilipokuja na toleo la 2.0 mwaka 1983, slashi ilikuwa na kazi nyingine, wakachukua bakslashi. Sehemu kubwa ya Windows inapokea slashi bila shida, lakini yenyewe ikikuandikia njia ya faili (maandishi yanayoonyesha faili iko folda gani), itakuandikia kwa bakslashi.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya niandike. Sikuwa nimeunganisha njia kwa mkono. Nilitumia pathlib ya Python, lugha niliyoandikia mfumo huo; ni chombo tunachoambiana kila siku kwamba kinamaliza tatizo hili. Nilijenga njia kwa Path, halafu wakati wa kuhifadhi nikaandika str(njia), yaani igeuzwe kuwa maandishi ya kawaida. Kwenye Windows, str ya Path hutoa bakslashi, na inafanya sawa kabisa, kwa sababu inaijibu mashine iliyo mbele yake. Kosa ni kwamba jibu hilo niliingiza kwenye hifadhidata, na hifadhidata huhama. Maktaba ya njia hukulinda ndani ya mashine moja. Njia inapotoka humo kwenda kwenye jedwali, kwenye JSON (muundo wa kubadilishana data kati ya programu), kwenye anwani ya wavuti au ndani ya faili ya zip, lazima wewe uamue itavaa sura gani, na sura inayoeleweka kote ni slashi. Kwa pathlib ni neno moja tu: njia.as_posix() badala ya str(njia).

Marekebisho yenyewe hayakuwa marefu. Baada ya kuchukua nakala ya hifadhidata, nilipitisha kila safu hapa:

from pathlib import PureWindowsPath
mpya = PureWindowsPath(ya_zamani).as_posix()

PureWindowsPath haigusi diski, ndiyo maana inafanya kazi hata juu ya Linux. Inasoma alama zote mbili, kwa hiyo safu zilizochanganyika nazo zinanyooka.

Wakati natafuta nikakuta la pili, na hili linaniogopesha zaidi kwa sababu halikulalamika. Kipande cha msimbo cha kutunza nakala za kila usiku kilikuwa na "\\" iliyoandikwa kwa mkono kati ya folda na jina. Linux ilipokea, ikaunda faili inayoitwa nakala\jumatatu.zip, nyingine nakala\jumanne.zip, zote nje ya folda ya nakala. Folda yenyewe tupu. Hakuna ujumbe wa kosa hata mmoja.

Na sisi tunaotaja folda kwa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Kwenye maandishi ya Python, \n ni mstari mpya, \t ni tabo, \r ni kurudi mwanzo wa mstari, \b ni kufuta nyuma, \a ni kengele. Hebu fikiria majina tunayoyapenda: namba, taarifa, tarehe, risiti, ripoti, bei, ankara. Ukiandika "D:\risiti\namba" umevunja njia mara mbili. "D:\mauzo\kahawa" inapita, maana \m na \k hazina maana maalumu, na matoleo mapya hutoa onyo tu. Mwanafunzi anaona moja inafanya kazi na nyingine inakataa, anadhani kompyuta ina ubaguzi. Mwambie aandike slashi, au aweke r mbele ya alama za nukuu ili bakslashi isomwe kama ilivyo.

Kabla ya saa sita karani alipiga tena. Risiti zinafunguka, ila za mzee mmoja bado. Hizo zilikuwa zimepigwa skana, na skana ilizipa majina kama 0388.PDF, wakati hifadhidata inasema 0388.pdf. Windows haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya faili, Linux inajali. Nilizibadilisha zote kuwa herufi ndogo, nikamwomba ajaribu tena nikiwa bado hewani. Nikasikia printa ikianza, na mzee akisoma kilo zake kwa sauti.