Irabu za Kiingereza zilihama, herufi zikabaki

Mtoto anayeanza Kiingereza akilisoma neno "name" kama na-me, wenzake humcheka na mwalimu humsahihisha. Angezaliwa London miaka ya 1390, enzi za mshairi Geoffrey Chaucer, wangemwelewa. Neno hilo lilikuwa na silabi mbili: "na" iliyovutwa, yenye a inayokaribia ya "baba", kisha irabu hafifu mwishoni. "House" ilitamkwa huus. "Time" ilianza na tii. "Moon" ilikuwa na o ndefu kama ya "choo". Ninafundisha isimu historia, na hapa ndipo hata waliosinzia darasani huinua vichwa: herufi za Kiingereza, zinazotutesa tangu shule ya msingi, ziliwahi kusomeka karibu kama tunavyosoma za kwetu.

Basi kulitokea nini? Kati ya mwaka 1400 na 1700 hivi, irabu ndefu za kusini mwa Uingereza zilipanda. Ninaposema zilipanda nina maana ya ulimi. Tamka a, halafu e, halafu i, polepole, utausikia ulimi ukiinuka hatua kwa hatua kuelekea kaakaa. Neno "meet", lililokuwa na e ndefu, likapanda hadi ii. "Moon" ikatoka kwenye oo ikafika uu. A ya "name" ikapanda hadi e, na baadaye ikawa ei. Sasa zile ii na uu zilizokuwa juu tayari zingekwenda wapi? Ni kama benchi la nyuma la daladala: akijibana abiria mmoja zaidi, kila mtu anasogea, na wa mwisho anajikuta nusu nje. Zilivunjika zikawa irabu mbili mbili, ndiyo maana leo tunasema taim na haus. Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, aliyaita mabadiliko haya Mhamo Mkuu wa Irabu.

Irabu fupi hazikuhama hivyo. Ukiwa umewahi kujiuliza kwa nini "divine" ina ai lakini "divinity" ina i ya kawaida, au kwa nini "sane" na "sanity" hazifanani, jibu ni hilo. Irabu ndefu ilisafiri, fupi ikabaki nyumbani.

Wanafunzi huniuliza tunajuaje, kwani hakukuwa na kinasa sauti. Mashahidi wapo. Mwaka 1569 John Hart alichapisha kitabu cha kulalamikia tahajia ya Kiingereza, akabuni herufi zake mwenyewe za kuandika sauti jinsi alivyozisikia. Hasira yake imetufaa kuliko kamusi nyingi. Washairi nao, bila kukusudia, ni mashahidi wazuri. Mwanzoni mwa karne ya 18 Alexander Pope alitia "tea" na "obey" katika kina kimoja, kwa sababu masikioni mwa wasomaji wake chai ilikuwa "tei". Baadaye maneno mengi ya jamii hiyo yalipanda hadi ii. "Great", "break" na "steak" yakakataa kwenda, na mpaka leo yanaharibu kanuni ya kila mwalimu.

Kosa la tahajia ni kosa la wakati. William Caxton alifungua kiwanda chake cha uchapaji Westminster mwaka 1476, irabu zikiwa njiani. Makarani wa ofisi za mfalme walikwisha kuanza kuzoea namna fulani ya kuandika, na wachapaji wakaisambaza. Hata k na gh za "knight" zilikuwa sauti za kweli, si mapambo. Kamusi ya Samuel Johnson ilipotoka mwaka 1755, tahajia ilikuwa imeganda, na iliganda katika matamshi ya watu waliokwisha kufa. Sisi tahajia yetu ya herufi za Kirumi ilisanifiwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930, juzi tu kwa kipimo cha lugha. Ndiyo maana sauti na herufi zetu bado zinaelewana. Tusijisifu mapema.

Sababu ndiyo inayobishaniwa. Kwamba irabu husukumana, mimi sina shaka, na ushahidi ninaoupenda unatoka Scotland. Huko bado utawasikia watu wakisema huus, na ng'ombe ni kuu. Kwa nini uu yao haikuvunjika? Kwa sababu upande wa kaskazini o ndefu ilikuwa imesogea mbele ya kinywa kabla ya mhamo kuanza, hivyo hakukuwa na irabu ya kupanda kutoka chini na kuisukuma uu.

Lakini nani alianza kusukuma? Wapo wanaotaja tauni ya 1348 na wahamiaji waliomiminika London na lahaja zao, wenyeji wakaanza kujipambanua kwa matamshi. Naelemea upande huo, maana jambo la aina hiyo limeshuhudiwa likitokea. Mwanaisimu William Labov alikwenda Martha's Vineyard, kisiwa cha Massachusetts, Marekani, akachapisha utafiti wake mwaka 1963. Watalii wa kiangazi walikuwa wamekijaa kisiwa na kununua nyumba. Labov akagundua kwamba wenyeji, hasa wavuvi wa Chilmark, walikuwa wakizianza ai na au ulimi ukiwa katikati ya kinywa, mbali na a ya watu wa bara. Hizo ndizo irabu mbili mbili zilizozaliwa na Mhamo Mkuu, na matamshi ya wavuvi yalikaribia yale ya hatua za awali za mhamo huo. Yalikuwa yakififia kisiwani, kisha yakapata nguvu upya. Wengi hawakuwa na habari kwamba vinywa vyao vinafanya hivyo. Vijana waliokusudia kubaki kisiwani walikuwa nayo kwa wingi. Waliokuwa wakipanga kuhamia bara hawakuwa nayo, au walikuwa nayo kidogo sana.