Kuzamia chini ya barafu: maswali ya mtu aliyezoea maji ya Nungwi

Jamaa yangu kajifunzia kuzamia Nungwi, Zanzibar, maji nyuzi 28, unatoka huko jua linakukausha. Siku hizi yuko Helsinki na mwezi wa tatu anaenda Kilpisjärvi, ziwa la mbali kaskazini-magharibi mwa Ufini, barafu yake inaweza kufika unene wa mita na mara nyingi haiishi mpaka Juni. Kanirushia maswali kibao, nimeyaweka hapa pamoja na majibu yangu.

Swali: Kaka, si nitakufa kwa baridi?

Mwili mzima kupoa mpaka uzimie inachukua muda, hata asiyevaa kitu cha maana huwa anafika nusu saa na zaidi. Balaa ni ile dakika ya kwanza, maji yakikugusa tu kifua kinakaza, unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, moyo unaenda mbio na presha inapanda. Kwa hiyo kabla hujalipia safari kapime presha na umeme wa moyo, hasa kama umevuka 40 au kwenu kuna historia ya presha. Draisuti, ile suti ya kuzamia isiyoingiza maji, inakukinga mwili lakini mdomo na mashavu yako wazi, bas ukifika kwenye shimo lililokatwa kwenye barafu nawa uso kwanza kwa maji yaleyale, tulia, pumzi zikikaa sawa ndo unashuka. Na nyumbani anza kuoga maji baridi dakika mbili tatu kila siku, daktari akisharuhusu, mwili unazoea kweli.

Swali: Vidole je?

Hivyo ndo vinaanza kugoma. Mi mara ya kwanza nimeshika kamba inayokuunganisha na wenzio wa juu, nikawa inabidi niiangalie kwa macho nijue kama bado iko mkononi, maana kuhisi sihisi kitu! Chukua glavu kavu zenye glavu za sufu ndani, afu kaa sebuleni ujizoeze kufunga na kufungua vibanio ukiwa umezivaa, familia ikucheke tu. Ukiona vidole havitii, vuta kamba kwa ishara mliyokubaliana, urudi.

Swali: Regulata, kile kifaa cha kupumulia, inaganda kweli?

Inaganda, afu inamwaga hewa bila kusimama. Pumzi yako ina unyevu, ukiivutia huku juu kwenye nyuzi hasi 15 ule unyevu unageuka barafu ndani yake, kwa hiyo usiipumulie mpaka uwe ndani ya maji. Beba mbili, kila moja na valvu yake ya mtungi, na theluthi ya hewa ikiisha geuza, maana mlango ni uleule mmoja.

Swali: Konyagi kidogo ya kupasha mwili?

Hapana bwana. Pombe inapeleka damu kwenye ngozi, unajisikia moto huku joto linakutoka. Kunywa chai na maji ya kutosha. Baridi inakojolesha sana, wengi wanakwepa kunywa eti suti ngumu kuvua, wanashuka wamekaukiwa maji na hapo hatari ya mapovu ya naitrojeni, yale yanayotokea mwilini mzamiaji anapopanda juu, inaongezeka. Vaa pampasi za wakubwa, hakuna anayekuona.

Swali: Nikitoka naingia sauna, kile chumba cha joto kali, moja kwa moja?

Subiri kwanza. Joto kali la ghafla linaweza kuamsha hayo mapovu, na presha ikishuka unaanguka. Nguo kavu, kofia, kitu cha moto, pumzika. Mwenzio akiacha kutetemeka huku bado wa baridi, anaongea kama mlevi, hiyo ni dharura, mlaze, mfunike, ita msaada. Kidole kikiwa cheupe na kigumu usikisugue, na theluji ndo kabisa usiipake. Ziwa lenyewe liko mita 473 juu ya usawa wa bahari, hakikisha kompyuta yako ya kuzamia imelizingatia hilo kwenye hesabu ya mapovu.

Swali: Nikiwa na mafua madogo?

Pua ikiziba sikio halisawazishi presha, ngoma ikipasuka maji ya baridi yanaingia ndani na kichwa kinazunguka hujui juu wala chini, na juu kwenyewe ni barafu. Siku hiyo we baki kwenye theluji uwachemshie wenzio chai.