Je, wajua dhahabu inaweza kufichua zebaki iliyomo majini?

Dhahabu tunayoijua ni ya manjano. Lakini ikiwa katika chembe ndogo mno, zenye kipenyo cha nanomita 13 hivi (nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita), maji yenye chembe hizo huwa mekundu kama divai. Michael Faraday alieleza majaribio yake ya dhahabu ya aina hii mwaka 1857, na baadhi ya sampuli zake zimehifadhiwa London hadi leo.

Wekundu huo unatoka wapi? Mwanga ukiipiga chembe, elektroni zake hutikisika kwa pamoja. Kwa chembe za ukubwa huo, mtikisiko huwa mkali zaidi kwenye mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 520 hivi. Kijani kinanyonywa, nyekundu inapita. Sasa zisogeze chembe hizo mpaka zikaribie kugusana: mitikisiko inaingiliana, na zinaanza kunyonya mawimbi marefu zaidi, upande wa rangi ya machungwa na nyekundu. Maji yanageuka zambarau au buluu. Dhahabu ni ile ile, kiasi ni kile kile. Kilichopungua ni nafasi kati ya chembe na chembe.

Basi kazi ya mkemia ni kuhakikisha kinachozikutanisha ni ioni (chembe yenye chaji ya umeme) ya metali anayoitafuta, si kitu kingine. Kwa kawaida chembe hizi huvikwa sitrati (chumvi ya asidi ya ndimu), yenye chaji hasi, kwa hiyo husukumana na kubaki zimetawanyika. Mkemia anaweza kuzivika molekuli ndefu badala yake: ncha moja ina salfa, ambayo hung'ang'ania dhahabu, na ncha ya pili hushika metali. Kwa mfano, ioni ya metali ya risasi ina chaji chanya mbili, hivyo inaweza kushikwa na molekuli za chembe mbili kwa wakati mmoja. Hapo chembe zinaungana.

Mbinu ninayoipenda zaidi ni ya zebaki, iliyotolewa mwaka 2007 na kundi la mkemia Chad Mirkin huko Marekani. Walizivika chembe nyuzi za DNA zinazoshikana, ila mahali pamoja waliacha timini (mojawapo ya besi nne, yaani vijenzi vya DNA) ikabiliane na timini, jozi ambayo kwa kawaida haishikani. Zebaki hujipachika katikati ya timini hizo na kuziunganisha. Nyuzi zikishikana, chembe hukaribiana na mchanganyiko huwa wa zambarau. Ulipopashwa moto, usio na zebaki uliachana mapema na kuwa mwekundu; wenye zebaki ulihitaji joto zaidi. Hata mikrogramu 20 hivi kwa lita zilionekana. Ni kidogo, lakini kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 6, kwa hiyo rangi nyekundu pekee haikutosha kusema maji ni salama.

Macho yanaweza kuona haya bila mashine kwa sababu chembe moja hunyonya mwanga kuliko molekuli moja ya rangi ya kawaida zaidi ya mara elfu.

Adui mkubwa ni chumvi ya kawaida. Hufifisha msukumano wa chaji, na chembe zenye sitrati zinagandamana hata kama hakuna risasi wala zebaki. Maji ya kisima chenye chumvi yanaweza kugeuka buluu bure kabisa. Mpimaji makini huweka kando chupa nyingine yenye chumvi kiasi kile kile lakini isiyo na metali, kisha analinganisha rangi za chupa hizo mbili.